Njia Ipi Ifaayo Ukoo Uliotawanyika: Facebook, Kundi la WhatsApp, Simu au Kutembeleana?

Swali la iwapo mitandao ya kijamii inawaunganisha watu au inawatenganisha huulizwa mara nyingi kana kwamba mitandao yote ni kitu kimoja na watu wote wako katika hali moja. Anayeuliza kwa dhati huwa na watu wake mahususi akilini. Ana mama mkubwa Pangani ambaye simu yake ni ya kitochi, ana kaka Dubai, ana binamu Nairobi, na ana watoto wa shangazi yake waliozaliwa Toronto ambao hajawahi kuwatia machoni; muda wake ni mchache, fedha zake ni chache, naye anataka kujua azielekeze wapi ili hao wote waendelee kujuana. Makala haya yameandikwa kwa ajili yake.

Njia zitakazolinganishwa ni nne: Facebook pamoja na mitandao mingine ya wazi kama Instagram, kundi la ukoo la WhatsApp, simu ya kawaida ya mtu na mtu, na kutembeleana. Mbili za mwisho si mitandao ya kijamii, nami nimeziingiza kwa makusudi, kwa sababu faida au hasara ya mtandao haipimiki mpaka ijulikane umechukua nafasi ya kitu gani. Aliyekuwa akikaa na bibi yake kila Ijumaa, na sasa anamtumia picha ya maua yenye maneno ya kumtakia Ijumaa njema, amepoteza kitu. Aliyekuwa hana habari za bibi yake mwaka mzima, na sasa anaisikia sauti yake kila wiki, amepata. Mtandao ni uleule.

Watafiti nao walipitia njia hiyohiyo. Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitoa matokeo ya kufuatilia kaya za mjini Pittsburgh, Marekani, zilizokuwa zimeunganishwa na intaneti kwa mara ya kwanza, wakaona kwamba waliotumia zaidi walizungumza kidogo zaidi na familia zao na upweke wao uliongezeka kiasi. Walipowarudia watu walewale miaka michache baadaye, sehemu kubwa ya madhara hayo ilikuwa imetoweka. Maelezo mojawapo ni kwamba kufikia wakati huo jamaa na marafiki zao nao walikuwa wameingia humo. Mwanzoni mtu aliketi mbele ya kompyuta akiwa na wageni, baadaye akawa na watu wake. Upweke wenyewe haujaondoka: ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Juni 2025 inakadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anaishi nao.

Vigezo

Nimechagua vigezo vitano, na kila njia itapimwa kwa vyote. Cha kwanza ni nani anafikiwa na nani anaachwa nje. Cha pili ni uzito wa kinachopita kati ya watu, yaani kama mtu anaambiwa neno lililokusudiwa yeye au anatazamwa tu. Cha tatu ni mwenendo wa njia hiyo siku ya shida na siku ya furaha, maana ndugu ni kufaana si kufanana, na ukoo usiojitokeza msibani unabaki jina tu. Cha nne ni siri na heshima. Cha tano ni gharama, pamoja na uimara wa njia yenyewe pale mambo yanapoharibika. Msomaji ana ruhusa ya kukipa kigezo kimoja uzito kuliko vingine. Mwenye mama mgonjwa na mwenye mashangazi wanaogombana hawawezi kupima kwa mizani moja.

Nani anafikiwa

Facebook ilianzishwa Februari 2004 kwa ajili ya wanafunzi wa Harvard, na Septemba 2006 ikafunguliwa kwa yeyote mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea. Nguvu yake kubwa hadi leo ni kwamba mtu hutafutwa kwa jina, bila kuhitaji namba yake ya simu. Kwa koo zetu hili lina maana ya pekee. Kuna familia zilizogawanyika baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, upande mmoja ukabaki Unguja na mwingine ukaishia Muscat; kuna familia za Kivu ya Kusini zilizotawanywa na vita, huyu yuko kambini Nyarugusu mkoani Kigoma na yule amepelekwa jimbo fulani la Marekani. Wajukuu wa familia kama hizo wanaweza kuanza kutafutana kwa jina la babu, jina la kijiji na picha ya zamani tu. Hakuna kundi la WhatsApp wala kitabu cha simu kitakachofanya kazi hiyo, kwa sababu vyote viwili vinadai uwe tayari unamjua unayemtafuta.

Facebook pia inawashikilia watu wa mbali kidogo: mtu mliyesoma naye, mpangaji mwenzako wa zamani, shemeji wa binamu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba katika watu aliowahoji waliopata kazi kwa kuelekezwa na mtu, wengi walielekezwa na watu waliokuwa wakionana nao mara mojamoja au kwa nadra, kwa kuwa wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua. Uhusiano mwepesi nao una kazi yake, na mtandao wa wazi unautunza bila jasho.

Kundi la WhatsApp linahitaji namba, na linahitaji mtu wa kukuingiza. Idadi ya watu si kikwazo tena: kikomo kilikuwa 256 mwaka 2016, na tangu mwishoni mwa 2022 ni 1,024, kiasi ambacho koo chache zitakijaza. Kikwazo ni simu janja na bando. Wanaobaki nje ni walewale wazee ambao kundi lilianzishwa kwa heshima yao, wenye simu za kitochi ambazo Kenya huitwa mulika mwizi, na mara nyingi habari za kundini huwafikia zikiwa zimepita mdomoni mwa mjukuu anayeamua lipi la kusema na lipi la kuacha.

Simu ya kawaida humfikia yeyote mwenye kifaa chochote, hata asiyejua kusoma, lakini inafikia mmoja mmoja. Kutembeleana kunawafikia watoto wadogo ambao hawana simu na wakongwe wasiosikia vizuri kwenye simu, na kunamwacha nje kila aliye mbali, hasa yule ambaye karatasi zake za ukaazi ughaibuni hazijakamilika na akitoka huenda asirudi.

Uzito wa kinachopita

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo lawama nyingi dhidi ya mitandao zinapoanzia.

Katika mtandao wa wazi mtu hutangaza kwa wote na hasemi na yeyote. Unajua kwamba binamu yako amehamia nyumba mpya, amepunguza mwili, ameoa. Yeye hajui kwamba unajua, wala hajawahi kukuambia. Macho hayana pazia, na kutazama huku kunampa mtu hisia ya kuwa karibu na jamaa zake ilhali mwaka mzima hawajabadilishana hata salamu. Mwaka 2016 Moira Burke, aliyekuwa mtafiti ndani ya Facebook yenyewe, pamoja na Kraut niliyemtaja, walieleza kwamba maneno yaliyoandikwa na mtu wa karibu kwa ajili ya mhusika mwenyewe yaliendana na kuongezeka kwa furaha yake, lakini alama za kupenda na kupitia habari za wengine havikufanya hivyo. Nadhani hilo ndilo jambo la kushika kuliko mengine yote: katika mtandao uleule, kwa dakika zilezile, mtu anaweza kuwa anasema na ndugu yake au anawatazama tu.

Majaribio ya kuuzima mtandao huo yameleta majibu mawili yasiyolingana, na yote mawili yana faida kwetu. Kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018 nchini Marekani, Hunt Allcott na wanauchumi wenzake waliwalipa watu dola 102 wazime Facebook kwa wiki nne. Kila mmoja aliokoa wastani wa saa moja kwa siku. Sehemu ya muda huo ilikwenda kwa familia na marafiki, sehemu nyingine ikaishia kwenye televisheni, na walioizima walisema wanajisikia vizuri kidogo kuliko wenzao. Jaribio la namna hiyo lilipofanyika Bosnia na Herzegovina mwaka 2019, katika wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya Srebrenica, ambako maelfu ya Waislamu wa Bosnia waliuawa mwaka 1995, walioizima walikuwa na mtazamo mbaya zaidi juu ya watu wa makabila mengine kuliko waliobaki, hasa wale ambao maisha yao ya kila siku yamezungukwa na watu wa kabila lao pekee. Anayeweza kumtembelea mtu wake hupata faida akizima. Ambaye mtandao ndio dirisha lake la pekee kuelekea kwa mwenzake hufungiwa dirisha.

Kundi la WhatsApp liko katikati. Kinachoandikwa humo kinawahusu watu wanaojuana, na kwa hiyo kina uzito kuliko tangazo la wazi. Lakini kinawahusu wote, na kinachowahusu wote mara nyingi hakimgusi mmoja. Asubuhi mtu mmoja anaandika shikamoo kwa wakubwa wote, majibu yanafuatana kwa makumi, zinafuata dua za Ijumaa au aya za Jumapili zilizosambazwa kutoka makundi mengine, kisha kimya hadi kesho. WhatsApp yenyewe iliona tatizo la ujumbe unaozungushwa ikaweka mipaka: tangu Januari 2019 ujumbe hauwezi kusambazwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ule uliokwisha kuzunguka mno ukabanwa hadi zungumzo moja. Shangazi zetu wamepata njia ya kuendelea hata hivyo.

Kilichookoa makundi mengi, kwa maoni yangu, ni ujumbe wa sauti, uliokuwamo tangu 2013. Mzee asiyependa kuandika anaeleza kisa cha shamba la babu kwa dakika sita, akikohoa, akicheka, jogoo akiwika nyuma yake, na mjukuu aliye Minneapolis anasikiliza akiwa ndani ya basi. Sauti hiyo imebeba lafudhi, mwendo wa kusimulia na majina ya watu ambayo mjukuu hangeyapata popote, na anaweza kuirudia. Ukoo unaotumia kundi lake hivi unafanya kazi tofauti kabisa na ukoo unaozungushiana picha za maua, ingawa ukiangalia orodha ya programu kwenye simu zao hutaona tofauti yoyote.

Kuhusu simu ya kawaida, ushahidi ni wa wazi kuliko nilivyotarajia. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison waliwapa wasichana wadogo mtihani wa kuwatia wasiwasi, kisha wakawaruhusu kuwasiliana na mama zao kwa njia mbalimbali. Waliozungumza na mama ana kwa ana au kwa simu walitulia, na hali hiyo ilionekana katika vipimo vya homoni mwilini. Walioandikiana naye walikuwa karibu sawa na wale ambao hawakuwasiliana na mama kabisa. Mwaka 2021 Amit Kumar na Nicholas Epley walionyesha jambo la pili: watu walioombwa wamtafute rafiki wa zamani walidhani kupiga simu kungeleta aibu kuliko kuandika, lakini waliopiga walijisikia karibu zaidi na rafiki yao, na aibu waliyoihofia haikuwapo. Tunaandika kwa sababu tunaogopa kupiga, na woga wenyewe hauna msingi mkubwa.

Kutembeleana kuna uzito ambao njia nyingine zinauazima tu. Aliyekaa jikoni kwa bibi anaona kwamba bibi amekonda, kwamba dawa zimeisha, kwamba mlango wa nyuma haufungi. Katika simu bibi atasema hajambo. Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila ziara ina uzito huo. Kuna wanaosafiri saa kumi kwenda nyumbani, wakakaa sebuleni siku mbili wakitazama simu zao, wakarudi.

Siku ya shida na siku ya furaha

Kundi la WhatsApp halina mpinzani katika kukusanya. Msiba ukitokea usiku, asubuhi kamati imepatikana, mweka hazina ametajwa, namba ya kupokelea michango imewekwa, na orodha inaanza kutembea, kila mtu akiinakili na kuongeza jina lake na kiasi chake chini ya jina lililotangulia. Kabla ya hapo M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, ilikuwa imekwisha kurahisisha kutuma. Kundi likaongeza uwezo wa kuhimizana na kuonana. Harusi na sendofu nazo zimehamia humo, na kadi za mchango zilizokuwa zikipelekwa kwa miguu sasa hufika kwa sekunde.

Orodha hiyohiyo ndiyo inayowaumiza baadhi ya watu. Mjomba ambaye mwaka huu hana kitu alikuwa zamani akifika msibani, akichimba kaburi, akilala matanga, na hakuna aliyehesabu amechanga nini. Leo jina lake halimo kwenye orodha na watu wote wanaliona pengo hilo. Nimesikia wengi wakijitoa kundini siku za michango kwa aibu hiyo, kisha wanahesabiwa kuwa wametupa ukoo. Kundi likitumika kwa michango, ni vema mweka hazina apokee majina kimya na kutangaza jumla tu.

Hatari nyingine ni kasi. Habari ya kifo ikiwekwa kundini dakika kumi baada ya kutokea, mtoto wa marehemu aliye kazini Doha anaweza kuisoma kwenye stetasi ya mtu baki kabla hajapigiwa. Kwa jambo hili simu ya kawaida ndiyo yenye heshima: mkubwa mmoja anawapigia wafiwa wa karibu mmoja baada ya mwingine, ndipo tangazo linafuata.

Facebook inafaa kwa tanzia inayowahusu watu wa mbali, wanafunzi wa zamani wa mwalimu aliyefariki kwa mfano, ambao hakuna anayejua namba zao. Tangu 2015 inamruhusu mtu kumteua wa kuusimamia ukurasa wake akishafariki, na pasipo mpangilio wowote, mtandao unaweza kuendelea kuwakumbusha watu wamtakie heri ya kuzaliwa mtu aliyekwisha kuzikwa. Kuhusu kutembeleana, waswahili walishasema kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Aliye ughaibuni anatazama maziko kwa video, na hilo si dogo ukilinganisha na zama za barua iliyofika baada ya arobaini, lakini hakuna anayemshika bega.

Siri na heshima

Tangu Aprili 2016 mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haisomi kilichoandikwa. Ulinzi huo ni dhidi ya watu wa nje. Dhidi ya binamu anayepiga picha ya skrini na kumpelekea wifi yake hakuna ulinzi, na katika koo nyingi ugomvi umeanzia hapo. Alama mbili za buluu, zilizoanza Novemba 2014, nazo zimeleta yake: mtu anaweza kuzizima katika mazungumzo ya wawili, lakini kundini aliyetuma anaweza daima kuangalia nani amesoma, na mkwe aliyesoma bila kujibu anahesabiwa kuwa amedharau.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni utani. Katika jamii zetu watani, mashemeji, na babu na mjukuu wanaruhusiwa kurushiana maneno ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa matusi, na hata msibani mtani huchekesha wafiwa. Ruhusa hiyo inasimama juu ya sauti, uso na mahali. Ukiandikwa kundini mbele ya wakwe na vijana waliokulia Ulaya, utani unabaki maneno makavu, na maneno hayo hayafutiki kwa kicheko kama yale ya barazani. Ukoo wenye utani mwingi utaona kundi likiwa baridi, na wengine watadhani ukoo umekufa, kumbe umenyamazishwa na chombo chenyewe.

Mtandao wa wazi ni mgumu zaidi kwa heshima, kwani mwajiri, jirani na mkwe wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Simu inatunza siri vizuri, na ndiyo inayofaa kwa kuomba radhi, kukopa, kueleza ugonjwa. Kikao cha ana kwa ana kina faida moja juu ya zote: wakubwa wanakaa, pande mbili zinasikilizwa, na jambo likiisha linaisha, pasipo maandishi ya kufukuliwa mwaka ujao.

Gharama na uimara

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika pamoja duniani kote kwa takriban saa sita, kwa kuwa zote ni za kampuni moja tangu WhatsApp iliponunuliwa mwaka 2014. Simu za kawaida ziliendelea. Serikali nazo huzima: Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao hii kuanzia Julai 2018, ikazima intaneti siku za uchaguzi wa Januari 2021, na Facebook ikabaki imefungwa hata baada ya intaneti kurudi; Tanzania nayo ilizima intaneti kwa siku kadhaa kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. Katika Falme za Kiarabu kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa, lakini maandishi na ujumbe wa sauti hupita, na ndiyo maana ndugu walioko Dubai hupendelea kutuma sauti.

Kwa fedha, kupiga simu ya kawaida kwenda nchi nyingine kunamaliza vocha haraka, kundi linamaliza bando polepole, na nauli inawashinda wengi. Kwa muda ni kinyume. Simu ya dakika ishirini ina mwanzo na mwisho, lakini mtandao wa wazi hauna mahali panaposema umefika.

Kila njia na mtu wake

Facebook inamfaa anayetafuta, na anayetaka kujulikana na watu wengi wasiomhusu sana. Haimfai aliye mpweke na mwenye tabia ya kujilinganisha, hasa kama huwa hajibu wala kuandika. Kundi la WhatsApp linaufaa ukoo wenye shughuli za pamoja na msimamizi mwenye busara. Haliufai ukoo wenye kesi ya urithi. Simu inamfaa mwenye watu wachache anaowajali mno, na inamchosha mwenye ndugu mia. Kutembeleana kunamfaa aliye ndani ya nauli anayoimudu, wazazi wenye umri mkubwa, na wazazi wanaotaka watoto wao waijue lugha na makaburi ya kwao.

Ukiwa katika hali hizi

Ukiwa umepotezana na jamaa zako, anza na Facebook, tafuta kwa majina ya wazee na shule, na ukimpata mmoja omba namba ya simu siku hiyohiyo, kwani urafiki wa ukurasani unaweza kukaa miaka kumi pasipo neno.

Ukiwa na mzazi anayeishi peke yake kijijini, kundi lisiwe ndilo tegemeo lako. Panga na ndugu zako nani anapiga siku gani, na mtafute jirani au mtoto wa jirani atakayepita kumwona na kukuambia kweli. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na jirani huyo naye anastahili vocha yake.

Ukiwa mfanyakazi wa Ghuba mwenye zamu zisizolingana na saa za nyumbani, ujumbe wa sauti kwa mtu mmoja mmoja utakufaa kuliko simu, na utakufaa kuliko kundi.

Ukiwa na watoto wanaokulia ughaibuni, kundi la ukoo kwao ni orodha ya majina wasiyoyajua. Waunganishe na binamu wawili watatu wa rika lao kwa simu ya video, na kama kuna fedha ya safari moja katika miaka kadhaa, iende kwenye msimu ambao wote wanarudi, kama ilivyo Desemba kule Kilimanjaro, au Idi kwa watu wa pwani. Baada ya safari hiyo kundi litaanza kuwa na sura.

Ukiwa msimamizi wa kundi lililoingia ugomvi, tumia mpangilio uliopo tangu 2018 wa kuruhusu wasimamizi pekee kuandika, tangaza tarehe ya kikao, wapigie mmoja mmoja wanaohusika, na usiruhusu shauri lijadiliwe kwa maandishi. Wanaojitoa waachwe watoke. Tangu 2022 mtu anaweza kuondoka na wasimamizi tu wakapata taarifa, kwa hiyo msitangaze.

Na ukiwa mtu anayepitia stetasi za ndugu zake wote kila usiku kisha akalala akiwa mpweke, si lazima ufute akaunti. Chagua mmoja kati ya uliowaona usiku huo, umpigie kesho mchana, na uanze kwa kumwambia kwamba ulimwona.